Emil Christian Hansen: Mpaka rangi aliyeichagua hamira kwa chembe moja

ASUMBI, katika Kaunti ya Homa Bay, inajulikana zaidi kwa misheni yake ya Kikatoliki, shule ya wasichana na chuo cha walimu kuliko kwa pombe. Hata hivyo, katika vijiji vya pande hizo, kando ya barabara itokayo Rongo kuelekea mjini Homa Bay, elimu ya kupika kong'o haijafutika vichwani mwa akina mama wazee. Unga hukandwa kwa maji na kufunikwa siku mbili tatu hadi uchache, kisha hukaangwa juu ya bati hadi ugeuke kahawia. Baada ya hapo hutiwa maji, ukachanganywa na kimea cha wimbi kilichosagwa, ukaachwa tena uchemke wenyewe pasipo moto. Zamani wazee waliketi kuuzunguka mtungi na kuivuta pombe hiyo kwa oseke, ule mrija mrefu ambao kila mzee wa heshima alikuwa na wake.

Katika kazi hiyo kuna jambo moja la ajabu ambalo mpikaji hulifanya bila kulitaja. Moto wa kukaangia huua karibu kila kilicho hai ndani ya unga. Kinachoirudishia pombe uhai ni kimea, kwa sababu juu ya maganda ya punje zilizoota kuna hamira ya porini pamoja na bakteria wa aina nyingi. Kwa Dholuo kitu kinachochachua huitwa thowi, na ndilo neno linalosomwa katika Biblia ya Kijaluo mahali ambapo ile ya Kiswahili ina chachu. Lakini thowi ya leo si lazima iwe thowi ya juzi. Mama yule yule, kwa wimbi lile lile na mtungi ule ule, huweza kutoa pombe tamu wiki hii na pombe kali kama siki wiki ijayo, asijue alipokosea. Huenda hakukosea popote. Waliobadilika ni wafanyakazi wasioonekana ndani ya mtungi.

Swali la ni nani hasa afanyaye kazi humo ndani liliwasumbua pia matajiri wa Ulaya, waliokuwa na mitambo ya mvuke na maghala ya barafu. Aliyelijibu hakutoka katika ukoo wa wapika pombe wala wa wasomi. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba kutoka mji mdogo wa Ribe, kusini-magharibi mwa Denmark, na jina lake lilikuwa Emil Christian Hansen.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1842 katika familia maskini. Baba yake alipaka rangi nyumba za watu, naye kijana akaingia katika kazi hiyo hiyo, akibeba ngazi na makopo huku moyo wake ukiwa kwenye vitabu na sanaa. Masomo ya juu kwa mtoto wa namna yake yalikuwa kama mwezi kisimani. Baadaye aliiacha brashi akawa mwalimu wa watoto majumbani kwa watu wenye uwezo, na katika kipindi hicho akaanza kupenda mimea. Aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen akikaribia miaka 30, umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha kupata kazi na familia. Karo na mkate wake alivitafuta kwa kalamu, akiandika hadithi za kuuza.

Aliyoyachagua kuyasoma hayakuwa ya kumletea mtu sifa barazani. Alichunguza kuvu zinazoota juu ya kinyesi cha wanyama. Mwaka 1876 andiko lake kuhusu kuvu hizo likampatia nishani ya dhahabu ya chuo kikuu. Mwaka huo huo tafsiri ya Kidenmark ya kitabu cha Charles Darwin kuhusu safari yake ya kuizunguka dunia, aliyoifanya pamoja na Alfred Jørgensen, ilitolewa. Ni vigumu kufikiri kwamba miezi mingi ndani ya maneno ya Darwin haikumwachia mtafsiri tabia ya kutazama viumbe vidogo kwa subira na kuuliza vinaishi wapi vikiwa havionekani.

Wakati huo nje kidogo ya Copenhagen kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Jacob Christian Jacobsen, aliyezaliwa mwaka 1811. Ndiye aliyeanzisha kiwanda cha bia cha Carlsberg mwaka 1847, akakiita kwa jina la mwanawe Carl. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1845, Jacobsen alikwenda Munich kwa mpika bia Gabriel Sedlmayr, akapewa hamira ya bia ya laga, ile inayofanya kazi kwenye baridi na kuzama chini ya pipa. Safari ya kurudi ilikuwa ya siku nyingi kwa gari la farasi. Simulizi la Carlsberg lasema kwamba kila gari liliposimama, Jacobsen aliteremka na kukimwagia chombo maji baridi ili hamira isife kwa joto. Ikafika hai. Bia yote ya Carlsberg ilitokana na chombo kile, na pengine ndiyo maana mzee yule aliihesabu hamira yake kama mtu anavyohesabu ukoo.

Mwaka 1875 Jacobsen alianzisha maabara kando ya kiwanda, na mwaka uliofuata akaunda mfuko wa kuisimamia. Sharti alilowawekea wanasayansi wake ni la kushangaza hata leo: hakuna matokeo yenye maana yatakayofichwa kwa faida ya kiwanda. Yote yangechapishwa, washindani wayasome. Hansen alianza kushirikiana na maabara hiyo mwishoni mwa miaka ya 1870, akapata shahada ya udaktari mwaka 1879 kwa utafiti juu ya viumbe vinavyoishi ndani ya bia, na mwaka huo huo akawekwa kuwa mkuu wa idara ya fiziolojia.

Kazi yake ya kwanza kubwa haikuhusu hata bia. Alifuatilia hamira ndogo yenye umbo la limau ambayo hupatikana juu ya matunda matamu yaliyoiva, na akataka kujua inakwenda wapi matunda yakiisha. Mwaka baada ya mwaka alichukua udongo, vumbi na maganda, akavitazama kwa hadubini. Jibu lilikuwa kwamba hamira hiyo huangushwa na mvua pamoja na matunda, hukaa ardhini majira yote ya baridi, kisha hupandishwa tena na upepo na wadudu matunda mapya yanapoiva. Kwa mpika pombe habari hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana. Hewa inayoingia dirishani wakati wa matunda imebeba wageni, na mgeni akiingia pipani haulizi ruhusa.

Hapo ndipo lazima atajwe Louis Pasteur wa Ufaransa. Katika kitabu chake kuhusu bia cha mwaka 1876, Pasteur alieleza kwamba bia huharibika kwa sababu ya bakteria, akawafundisha wenye viwanda kuitazama hamira yao kwa hadubini. Jina lake lilikuwa na nguvu katika nchi zote za bia. Mwaka 1884, alipokwenda Edinburgh kwa sherehe za miaka 300 za chuo kikuu cha mji huo, mpika bia tajiri wa Uskoti aliyeitwa Younger aligharimia behewa maalumu la treni kumchukua yeye na wenzake kutoka London, kwa shukrani ya faida aliyoipata kutokana na mafunzo yake. Jacobsen naye alimheshimu Pasteur kupita kiasi. Kwake, bia ikiharibika, bakteria ndio wa kulaumiwa, na kusema vinginevyo kulikaribia kuwa utovu wa adabu.

Bia ikaharibika. Karibu na mwaka 1883 bia ya Carlsberg ya zamani ilianza kutoa harufu mbaya na uchungu usiopendeza. Aibu ya jambo hilo ni rahisi kuielewa: mzee aliyejenga jina lake kwa miaka zaidi ya 35, aliyewapa wasomi mali yake, sasa anauza kinywaji ambacho wateja wanakikunjia uso. Hansen alichukua hamira ya kiwanda akaichunguza. Bakteria hawakuwa hoja. Alichokiona ni kwamba hamira yenyewe haikuwa moja. Ndani ya tope lile jeupe, ambalo kwa macho ni kitu kimoja, mlikuwa na jamaa kadhaa zilizochanganyika, na baadhi yao walikuwa wa porini. Ugonjwa wa bia, alisema, unaweza kuletwa na hamira.

Kusema ni rahisi. Ili kuthibitisha, ilimpasa aipate kila aina peke yake, na katika tone moja la hamira mna chembe mamilioni. Njia aliyoitumia haina uchawi. Aliizimua hamira kwa maji yaliyochemshwa, akahesabu chembe chini ya hadubini, akazimua tena, hadi akakadiria kwamba katika kila matone mawili mna chembe moja tu. Kisha akatia tone moja moja katika chupa nyingi zenye maji ya kimea yaliyochemshwa. Chupa zilitikiswa kwa nguvu ili chembe, kama zilikuwa zaidi ya moja, zitengane na kutulia mahali mbalimbali, halafu zikaachwa bila kuguswa. Baada ya siku kadhaa, chupa yenye doa moja jeupe tu kwenye kioo ilikuwa na kizazi cha chembe moja. Yenye madoa mawili au matatu iliachwa. Baadaye alitumia pia jelatini, akiitazama chembe moja kwa hadubini tangu mwanzo hadi ilipozaa kundi lake, shaka isibaki.

Kutoka katika hamira ile iliyougua alipata aina nne. Alipozipikia bia kila moja peke yake, ni moja tu iliyotoa bia ya Carlsberg kama wateja walivyoijua. Nyingine zilileta uchungu, harufu na ukungu katika kinywaji. Kumbe ile hamira iliyovuka Ujerumani kwa gari la farasi ilikuwa bado ipo, imezongwa tu na wavamizi.

Jambo moja halikumpendeza mzee. Pasteur alikuwa amependekeza kuisafisha hamira kwa asidi ya zabibu, na Hansen akaonyesha kwamba dawa hiyo huweza kuwapa nguvu zaidi hao hamira wa porini wanaotakiwa kufukuzwa. Jacobsen hakukubali kwa wepesi. Wala wasiwasi wake haukuwa wa kijinga, kwani alikuwa akiombwa aweke pipa zima la kiwanda, na jina lake, chini ya kiumbe kimoja kisichoonekana kwa macho kwa sababu aliyekuwa mpaka rangi amesema hivyo. Ila bia haikumwachia nafasi ya kusubiri. Tarehe 12 Novemba 1883 hamira iliyokuzwa kutoka chembe moja, iliyopewa jina la Hamira ya Carlsberg Namba 1, ilitiwa katika mapipa ya kiwanda kwa mara ya kwanza. Bia ilitoka safi. Mwaka 1884 Carlsberg ya zamani yote ilikuwa ikitumia hamira hiyo.

Mzee alipogeuka, aligeuka kabisa. Kwa sharti lile lile la kutoficha, hamira ilitolewa bure kwa viwanda vingine vilivyoiomba, na njia ya kuipata ikachapishwa wazi. Jacobsen alifariki mjini Roma tarehe 30 Aprili 1887, miaka mitatu na nusu tu baada ya pipa lile la kwanza. Hansen, akisaidiana na mkurugenzi wa kiwanda, Kühle, alitengeneza chombo cha shaba cha kukuzia hamira safi mfululizo pasipo kuingiliwa na hewa ya nje, na vyombo vya namna hiyo vikaenea katika viwanda vya laga duniani.

Uingereza na Uskoti hazikumpokea kwa mikono miwili. Huko bia ilipikwa kwa hamira inayopanda juu ya pipa, na bia kali zilihifadhiwa miezi mingi zikaendelea kuchacha taratibu. Wapika bia walipojaribu hamira ya chembe moja katika bia hizo waliona zimepooza, hazina ile ladha ya uzee. Walikuwa na haki kwa sehemu. Mwaka 1904 Claussen, mwanasayansi wa Carlsberg mpya, alionyesha kwamba ladha ile ya bia kuukuu za Kiingereza ilitokana na hamira nyingine kabisa, inayofanya kazi polepole baada ya ile ya kwanza kuchoka, akaipa jina linalomaanisha kuvu ya Uingereza. Hivyo hata pingamizi dhidi ya Hansen ilijibiwa kwa njia ya Hansen: kila kiumbe kitengwe, kijulikane kwa jina na kazi yake.

Anayepika bia ya Kiskoti nyumbani kwake leo, iwe Glasgow au Nairobi, anasimama juu ya kazi hiyo kila anaponunua paketi ya hamira. Bia ya Kiskoti hutaka hamira ya kupanda juu, lakini ivumiliayo baridi kuliko ndugu zake, iweze kufanya kazi taratibu kwenye nyuzi kama 13 hadi 16 bila kulala. Kwa baridi hiyo haitoi sana harufu za matunda, na utamu wa kimea hubaki mbele. Kuna masimulizi kwamba Waskoti hawakutumia hopsi kwa sababu mmea huo hauoti kwao, lakini viwanda vya Edinburgh vilinunua hopsi nyingi na kuuza ng'ambo bia chungu kama ya mtu mwingine yeyote. Tofauti ilikuwa zaidi katika pipa na ubaridi wake. Hamira hiyo hiyo ikitiwa katika ndoo kwenye nyumba ya mabati kule Asumbi, ambako adhuhuri joto huweza kufika karibu nyuzi 30, itafanya kazi kwa haraka na kutoa harufu kama ya ndizi mbivu. Aliyechagua paketi nzuri akasahau joto amechagua nusu tu.

Hansen aliendelea na kazi yake miaka mingine 25. Aligundua kwamba hamira zikiwekwa juu ya kipande cha jasi chenye unyevu huzaa spora, na kwamba za porini huzizaa mapema kuliko zile za kiwandani. Jambo hilo liliwapa wenye viwanda kipimo cha kumgundua mvamizi kabla hajaharibu kitu. Mwaka 1908 aliipa hamira ya laga jina la kisayansi lililobeba jina la Carlsberg. Alifariki tarehe 27 Agosti 1909 huko Hornbæk, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Zealand, akiwa na umri wa miaka 67. Mali aliyoacha iliundiwa mfuko wa nishani ya dhahabu yenye jina lake kwa watafiti wa viumbe vidogo.

Laga ilifika Kenya baada yake. Kenya Breweries iliundwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. George aliuawa na ndovu mwaka 1923, na jina la Tusker likatokana na mnyama huyo. Nyanza nayo iliingia katika hesabu za bia kwa njia ya mtama: kiwanda cha Kisumu kilifunguliwa upya mwaka 2019 kwa ajili ya bia ya Senator, na wakulima wa kandokando ya ziwa wakapewa kandarasi za kukilisha. Mtama huo, ambao bibi zao waliuachia bahati ya thowi, sasa hukutana na hamira iliyochaguliwa na kutunzwa kwa utaratibu aliouanzisha Hansen.

Asili ya hamira yake yenyewe ilibaki fumbo kwa zaidi ya karne. Hansen alijua kuitenga, lakini hakuwa na namna ya kujua ilizaliwa wapi. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba hamira ya laga ni chotara: mzazi mmoja ni hamira ya kawaida ya mkate na pombe, na mwingine ni jamaa wa porini apendaye baridi, aliyepatikana katika misitu ya Patagonia, Argentina, kisha baadaye katika nyanda za juu za Tibet. Na huko Carlsberg, chupa kuukuu ya enzi za Hansen ilipofunguliwa, ndani mlikutwa chembe chache zilizokuwa bado hai. Zilikuzwa kwa taratibu ile ile ya chembe moja moja, na mwaka 2016 zikapikiwa bia, ikatolewa pipani na kunywewa mjini Copenhagen.